Jioni yenye mwanga Uingereza italipwa na wanaoamka alfajiri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala iliyochapishwa hivi karibuni katika gazeti lako, ambayo mwandishi wake aliwasifu Waingereza wanaotaka saa zao zisogezwe mbele zaidi ili jioni ziwe na mwanga, kisha akashangaa kwa nini jambo lenye faida nyingi kiasi hicho hukwama bungeni kila linapoletwa. Mimi naishi Glasgow, Uskoti, na kazi yangu ni kuhudumia wazee kwa shifti ya usiku, kwa hiyo suala hili nalitazama kutokea upande wa asubuhi, ambao makala ile haikuugusa kabisa. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Saa ikisogezwa, hakuna hata dakika moja ya mwanga inayoongezeka. Kinachofanyika ni kuamua giza la majira ya baridi abebeshwe nani, na kwa pendekezo lililosifiwa mzigo huo watatwishwa wanaotoka nyumbani mapema, ambao ndio wenye sauti ndogo kuliko wote katika mjadala huu.

Kwanza niondoe mkanganyiko mmoja, kwa sababu katika makala ile mambo matatu yalichanganywa yakawa kama jambo moja. Kwa sheria iliyopo, Uingereza hufuata saa ya Greenwich (GMT) wakati wa baridi, ikaisogeza mbele kwa saa moja Jumapili ya mwisho ya Machi, na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Wapo wanaochoshwa na mabadiliko hayo ya mara mbili kwa mwaka na wanaotaka yakome, lakini hata hao hawako kambi moja: baadhi wangependa nchi ibaki na saa ya Greenwich mwaka mzima, na wengine ibaki na saa ya kiangazi, yaani ile iliyosogezwa mbele, mwaka mzima. Kundi la tatu, ambalo ndilo lililosifiwa, wala halidai mabadiliko yakome. Linachotaka ni kwamba wakati wa baridi saa iwe moja mbele ya Greenwich na wakati wa kiangazi iwe mbili mbele, yaani Uingereza ihamie kwenye saa za Ufaransa na Ujerumani. Mtu anayesema kwa nia njema kwamba amechoka kugeuza saa anaweza kujikuta ameunga mkono pendekezo ambalo litamfanya aendelee kuigeuza vilevile, ila akiwa gizani asubuhi.

Sasa nieleze giza lenyewe, nikitumia hesabu ya saa ya Kiswahili. Karibu na mwisho wa Desemba jua la Glasgow huchomoza kama saa 2:46 asubuhi na kuzama saa 9:44 alasiri. Mchana wote ni saa saba, na sehemu kubwa ya saa hizo hufunikwa na mawingu kiasi kwamba taa za ofisini hazizimwi. Watoto wa shule za msingi huingia darasani yapata saa tatu, kwa hiyo hutembea kwenda shule wakati mapambazuko ndiyo kwanza yanaanza. Nikitoka kazini hukutana nao kwenye kivuko cha barabara, mikoba yao ikiwa na vipande vinavyong'aa vinapomulikwa na taa za magari, na mlinzi wa kivuko, ambaye aghalabu ni mstaafu, akiwa ameshika ule mti wake wenye kibao cha duara cha kusimamisha magari. Huko ndiko tuliko hivi sasa. Pendekezo likipita, jua la Glasgow litachomoza saa 3:46 asubuhi, somo la kwanza likiwa limekwisha au linakaribia kwisha, na katika mji wa Lerwick, visiwa vya Shetland, jua litachomoza baada ya saa nne. Sisi tuliozoea kuanza kuihesabu siku jua linapochomoza tunapata shida hata kuisema sentensi hii, kwamba ni saa tatu na nusu asubuhi na jua bado halijachomoza.

Jambo hili si la kubuni, kwa kuwa lilikwisha kujaribiwa. Februari 1968 saa za Uingereza zilisogezwa mbele, na Oktoba ya mwaka huo hazikurudishwa. Nchi ikaishi saa moja mbele ya Greenwich mfululizo, kiangazi na baridi, hadi tarehe 31 Oktoba 1971. Wakulima, wajenzi, wasambazaji wa maziwa na wa barua walilalamika tangu majira ya baridi ya kwanza, na wazazi wakatakiwa kuwavalisha watoto wao mikanda inayong'aa mikononi. Tarehe 2 Desemba 1970 Bunge lilipigia kura suala hilo, na wabunge 366 wakataka jaribio likome, dhidi ya 81 waliotaka liendelee. Watetezi wa jioni zenye mwanga hupenda kusema kwamba ni Waskoti wachache wanaoizuia nchi nzima, na mwandishi wako alilirudia dai hilo. Wakati ule Uskoti nzima ilikuwa na wabunge 71. Hata kama wote wangepiga kura upande mmoja, bado wabunge karibu 300 wa upande ule wangekuwa wametoka sehemu nyingine za nchi, na hawa walikuwa watu waliokwisha kuyaonja maisha hayo kwa majira mawili ya baridi, si watu waliokuwa wakiyakisia.

Nikiri hoja moja ya upande wa pili, kwa kuwa ina uzito na haifai kupitwa kimyakimya. Takwimu za jaribio lile zilionyesha kwamba ajali za barabarani ziliongezeka asubuhi lakini zikapungua zaidi jioni, hivyo kwa jumla waliokufa na kuumia walipungua. Hesabu hiyo ina doa, kwa sababu Oktoba 1967, miezi michache tu kabla, ilianza kutumika sheria ya kuwapima madereva ulevi kwa pumzi, na si rahisi kujua ni roho ngapi ziliokolewa na kipimo na ngapi na mwanga. Hata hivyo, watafiti waliojaribu kutenganisha mambo hayo mawili bado waliona nafuu, na makadirio yaliyotajwa sana katika mijadala ya baadaye ni kwamba vifo vingepungua kwa takriban 80 kwa mwaka. Mtu akinitajia watu 80, siwezi kumjibu kwa kumwambia habari za mawingu ya Glasgow.

Ninachomjibu ni kwamba vifo hivyo vinasababishwa na magari, na kwamba zipo njia za kuvipunguza zisizomhitaji mtoto wa Shetland asome gizani hadi saa nne asubuhi. Septemba 2023 Wales ilishusha mwendo wa kawaida katika barabara za makazi kutoka maili 30 hadi maili 20 kwa saa. Hatua hiyo ilizusha makelele makubwa ya madereva, na pengine ndiyo sababu wanasiasa huona ni rahisi zaidi kuigusa saa, ambayo haina chama cha kuitetea, kuliko kumgusa mwenye gari. Lakini mwendo mdogo humlinda mtembea kwa miguu asubuhi na jioni, kiangazi na baridi, ilhali saa iliyosogezwa humlinda jioni kwa kumweka hatarini asubuhi, kisha ikatutaka turidhike na tofauti inayobaki baada ya kutoa.

Na hao wa asubuhi ni akina nani? Basi la kwanza la alfajiri katika mji wowote mkubwa wa Uingereza lina abiria wale wale: wafanya usafi wa maofisi ambao lazima wawe wamemaliza kabla wenye maofisi hawajafika, wahudumu wa wazee wanaokwenda kupokea shifti ya saa moja, wapishi wa hospitali, wapanga bidhaa madukani. Ndani ya basi hilo utasikia Kiswahili cha Kongo, cha Nairobi na cha Dar es Salaam, pamoja na Kisomali, Kireno na Kipolandi. Hawa hutoka gizani mwezi wa Novemba hata sasa, na wanaotoka kazini saa sita mchana angalau hupata saa tatu au nne za mwanga wakiwa macho. Jioni yenye mwanga inayozungumziwa ni ya mtu anayetoka ofisini saa kumi na moja na kutaka kukimbia kidogo bustanini au kucheza golf. Sisemi kwamba mtu huyo ana kosa. Nasema tu kwamba mwamba ngozi huvutia kwake, na kwamba wenye hoteli na wenye viwanja vya michezo, ambao wamekuwa mstari wa mbele kuliunga mkono pendekezo hili, wanajua kwa nini wanaivuta ngozi upande wa jioni.

Asili ya wazo lenyewe ndiyo hiyo hiyo. Aliyelivumisha Uingereza ni William Willett, mjenzi wa nyumba wa Chislehurst, ambaye alikuwa na desturi ya kupanda farasi asubuhi za kiangazi, akakerwa kuona nyumba za watu zimefungwa mapazia jua likiwa limekwisha kupanda. Alikuwa pia mpenzi wa golf, na giza lilimkatiza mchezo. Mwaka 1907 alichapisha kijitabu kilichopendekeza saa isogezwe kwa dakika 20 kila Jumapili kwa Jumapili nne za Aprili. Bunge halikumsikiliza hadi alipofariki mwaka 1915. Mwaka uliofuata, katikati ya vita, Ujerumani ilisogeza saa zake mbele ili kuokoa makaa ya mawe, na majuma matatu baadaye Uingereza ikafuata, tarehe 21 Mei 1916. Lakini hata Willett alikuwa anazungumzia kiangazi, wakati jua linapochomoza watu wamelala na mwanga wa asubuhi unapotea bure. Hakupendekeza watu waporwe mwanga wa asubuhi ya Desemba, ambao haumpotei mtu yeyote.

Hapo ndipo ninapoona utaratibu wa sasa, pamoja na kuchosha kwake, una busara ambayo wakosoaji hawaitaji. Mwezi Juni jua la Glasgow huchomoza saa 10:31 alfajiri na kuzama saa 4:06 usiku. Mwanga umejaa tele, na kuhamisha saa moja ya alfajiri kuipeleka jioni hakumuumizi mtu. Mwezi Desemba mwanga ni haba, na saa inarudishwa ili ule mchache uliopo uwasaidie wanaoanza siku. Gharama yake naijua vizuri. Usiku wa Oktoba saa zinaporudishwa, kipindi cha saa saba hadi saa nane usiku hujirudia, na sisi wa shifti ya usiku hulazimika kuandika kwenye karatasi za dawa kama mzee alimeza kidonge katika saa saba na nusu ya kwanza au ya pili, kwa maana muuguzi wa asubuhi akikosea hapo anaweza kumzidishia mtu dawa ya maumivu. Kisha huanza mabishano ya kama saa ile ya ziada italipwa, na jibu hutegemea mkataba na moyo wa meneja. Ni usumbufu, lakini ni usumbufu wa usiku mmoja, nao hauwezi kulinganishwa na miezi mitatu ya asubuhi zisizo na jua. Wataalamu wa usingizi wa Uingereza wanakwenda mbali kuliko mimi: chama chao kilitamka mwaka 2024 kwamba mabadiliko yakomeshwe na nchi ibaki na saa ya Greenwich mwaka mzima, kwa sababu mwili wa binadamu huiweka sawa saa yake ya ndani kwa mwanga wa asubuhi. Saa ya kiangazi mwaka mzima, inayoleta jioni zenye mwanga zaidi wakati wa baridi, waliipinga.

Liko jambo jingine linalowahusu wasomaji wako wengi, ambalo sijaliona likijadiliwa kwa Kiswahili. Muislamu anayeishi Uingereza hufuata saa mbili kwa wakati mmoja, ya mwajiri na ya jua, na kila saa ya mwajiri inaposogezwa mbele, nyakati za swala husogea pamoja nayo kwenye ratiba yake ya kazi. Chukua swala ya Ijumaa. Kwa saa ya kiangazi ya sasa jua la London hupinduka karibu na saa saba mchana, na la Glasgow kama robo saa baadaye, na kwa kuwa mapumziko ya chakula katika sehemu nyingi za kazi huangukia saa saba, mtu huweza kukimbilia msikitini na kurudi. Pendekezo la kuwa saa mbili mbele ya Greenwich likipita, Glasgow jua litapinduka baada ya saa nane mchana, mapumziko yakiwa yamekwisha, na mfanyakazi atalazimika kwenda kumwomba bosi ruhusa kila Ijumaa, kuanzia Machi hadi Oktoba. Futari ya mwezi Juni, Ramadhani itakaporudi tena kiangazi, badala ya saa nne usiku itakuwa saa tano, Isha itaangukia usiku wa manane au baada yake, na aliyemaliza tarawehe atatakiwa kuamka kwenda kazini kwa saa ambayo haikusogea hata kidogo. Nakubali kwamba wakati wa baridi mambo yangegeuka kidogo, kwa sababu Alfajiri ingechelewa na Maghribi isingemkuta mtu bado yuko dawati la kazini. Lakini sioni kama nafuu hiyo inafidia Ijumaa za kiangazi chote.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, nikiri kuna watakaofurahi. Wasomaji wako wa Dar es Salaam na Mombasa wanajua, hata kama hawajawahi kuufuatilia mjadala huu, kwamba mechi ya ligi ya Uingereza inayoanza saa tisa alasiri kwa saa za kule huonekana kwao saa kumi na mbili jioni wakati wa baridi na saa kumi na moja wakati wa kiangazi. Pendekezo likipita, mechi hiyo itaonekana saa kumi na moja wakati wa baridi na saa kumi mwezi Agosti, na zile za katikati ya juma zinazoanza sasa saa tano usiku zitaanza saa nne, jambo ambalo wenye vibanda umiza na wake wa wateja wao watalipokea kwa shukrani. Sisi tulio huku nasi tungekuwa nyuma ya nyumbani kwa saa mbili tu wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi, na simu za kumjulia hali mama zingekuwa rahisi zaidi. Hayo yote ni kweli, na hakuna hata moja kati yake linalotosha kuwa sababu ya kupanga asubuhi za watu wengine.

Mwandishi wako aligusia pia kwamba huenda na sisi tungefaidika kwa kusogeza saa. Hilo halihitaji maneno mengi. Dar es Salaam tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote kwa mwaka haifiki saa moja. Hakuna akiba ya mwanga wa kuhamisha. Mauritius, iliyo kusini zaidi yetu na yenye watalii wengi, ilijaribu mwaka 2008, na ilipofika Machi 2009 ikarudisha saa zake na haikujaribu tena. Namibia nayo iliachana na mabadiliko ya saa mwaka 2017.

Waliojaribu kubaki mbele ya jua wakati wa baridi huko kaskazini nao hawakudumu. Marekani ilianza Januari 1974 kutumia saa ya kiangazi mwaka mzima kwa sababu ya shida ya mafuta, na ilipofika Oktoba ya mwaka ule ule sheria ilikwisha kurekebishwa, wazazi wakiwa wamelalamikia watoto wao kusubiri mabasi ya shule gizani. Ureno, jirani wa Uingereza kwa jinsi jua linavyoipitia, ilihamia saa za Ulaya ya kati mwaka 1992, na mwaka 1996 ikarudi ilikotoka. Urusi ilijaribu kwa miaka mitatu, kuanzia 2011 hadi 2014, kisha nayo ikarudisha saa. Mtu anaweza kusema kila nchi ina mambo yake, lakini mimi naona nchi tatu zenye siasa na tabia tofauti kabisa zikilalamikia kitu kile kile, nacho ni asubuhi.

Kama kweli kinachotakiwa ni watu kupata mwanga baada ya kazi, iko njia isiyohitaji sheria ya saa: ofisi inayotaka hivyo ifungue saa mbili badala ya saa tatu na kufunga saa kumi jioni, na kiwanja cha michezo kipange mechi zake kulingana na jua. London ambako jua la Desemba huchomoza saa mbili na dakika chache wanaweza kuanza mapema; Inverness, ambako huchomoza karibu na saa tatu, waanze wanavyoweza. Kinachonishangaza ni mwajiri anayetetea kusogeza saa ya nchi nzima huku akikataa kusogeza muda wa kuanza kazi ofisini kwake.

Mswada wa mwisho uliofika mbali ulikuwa wa mbunge Rebecca Harris, na ulikwama Januari 2012 baada ya muda wa mjadala kwisha, huku mbunge mwenzake Jacob Rees-Mogg akiwa amependekeza kwa kejeli kwamba jimbo la Somerset lipewe saa yake lenyewe. Mswada mwingine utakuja, na hata huku Uskoti mamlaka ya saa hayako Edinburgh bali yamebaki Bunge la London. Wasomaji wako walioko Uingereza ambao ni raia wa Kenya, Tanzania, Uganda au Rwanda na wanaishi kihalali wanaruhusiwa, kama raia wa Jumuiya ya Madola, kujiandikisha na kumpigia kura mbunge wa eneo lao wa kwenda Bunge la London, na wengi hawajui. Nawaomba wajiandikishe, wamwandikie mbunge wa eneo lao, na wamweleze wao hutoka nyumbani saa ngapi.

Msomaji wako,
Glasgow, Uskoti